Kwa Mpwa Wangu wa Nakuru, Kuhusu Muda

Molo, Jumapili jioni

Mpwa wangu mpendwa,

Huku kwetu baridi ni ile ile ya Molo, viazi vimeanza kuchanua, na nyumbani wote hatujambo.

Nimeona nikuandikie badala ya kukupigia simu, maana kila nikikupigia unanijibu ukiwa mbioni. Juzi ulikuwa juu ya bodaboda, upepo ukivuma kwenye simu, na neno nililolisikia vizuri lilikuwa hilo tu: mjomba, muda sina. Barua itakungoja. Utaisoma ukiwa umeketi, na ukikatizwa utaendelea pale ulipoachia.

Sikulaumu kwa kuwa na kazi nyingi. Najua asubuhi uko ofisini kwenye sacco, jioni unafungua duka lako la M-Pesa pale Free Area, usiku una kazi zako za mtandaoni, Jumamosi uko darasani kampasi ya Egerton hapo mjini, na Jumapili kwaya na kamati ya vijana vinakungoja. Tangu Nakuru ipewe hadhi ya jiji mnamo Desemba 2021, kodi za nyumba na bei za viwanja havijawahi kutulia, na kijana mwenye familia hawezi kukaa mikono kifuani. Uvivu si ugonjwa wako. Ungekuwa mvivu ningekuandikia barua fupi zaidi.

Ninalotaka kukuambia ni hili. Unatafuta namna ya kupata muda zaidi, na muda zaidi haupo. Mungu hakuwapa wengine siku yenye saa 30. Katika Zaburi ya 90, ambayo ni sala ya Musa, mzee yule haombi aongezewe siku. Anaomba afundishwe kuzihesabu. Mtu anayehesabu anajua zitaisha na kazi nyingine haijafanyika. Kwa hiyo anakaa chini mapema, mbele za Mungu, na kuamua ni mambo gani atayaacha bila kuyafanya, ili yale aliyoitiwa ayafanye vizuri. Usipoamua wewe, kuna wengine watakuamulia: mwajiri, simu, madeni, na watu wanaopenda sauti yako kwenye kwaya. Na nimeona mara nyingi kwamba wanaokosa zamu yao katika mpango wa namna hiyo ni wale wasiopiga kelele, yaani mtoto mdogo, mama mzazi, na Mungu mwenyewe.

Unaikumbuka Sachangwan. Ulikuwa bado shule ya msingi, lakini sidhani kuna mtoto wa huku kwetu aliyekua bila kuijua habari ile. Jumamosi tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilipinduka pale kwenye barabara kuu ya kwenda Eldoret. Watu wakatoka nyumba za karibu na ndoo na madebe kuchota petroli, wengine wakasimama kutazama tu, kisha moto ukalipuka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Wengine hawakuweza kutambuliwa, wakazikwa pamoja katika kaburi moja karibu na barabara, na hadi leo sipiti pale bila kuvua kofia. Wiki zile huku Molo tulikuwa tukitoka mazishi tukienda mazishi. Na kulikuwa na watu, tena watu wa kanisa, waliosema kwamba ni adhabu ya tamaa.

Maneno hayo yaliniuma wakati ule na yananiuma hata sasa. Soma Luka mlango wa 13. Watu walimletea Yesu habari za vifo vya kutisha, na yeye mwenyewe akawakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Akawauliza kama wanadhani hao walikuwa waovu kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, na akajibu kwamba sivyo. Hakuwahukumu waliokufa. Aliwageukia waliobaki hai na kuwataka watubu. Kisha, bila kupumzika, akasimulia mfano wa mtini. Mwenye shamba amekuja miaka mitatu akitafuta matunda na hakuna. Anaamuru mti ukatwe. Mtunza shamba anamsihi auache mwaka mmoja tu zaidi, apate kuupalilia na kuutia samadi.

Nimefanya kazi ya kilimo maisha yangu yote, na mfano huo unanigusa kuliko mingine. Tazama yule mtunza shamba anaahidi nini. Haahidi muujiza. Anaahidi jembe na samadi. Mwaka alioupata ni mwaka wa kazi ndogo ndogo zinazorudiwa: kuchimbua udongo kuzunguka shina bila kukata mizizi, kubeba samadi kwa ndoo, kurudi mvua ikinyesha kuona kama maji yanaingia au yanapita juu. Hakuna anayepiga picha kazi kama hiyo. Na huo mwaka si wake, ni wa kuombewa. Mimi na wewe tulioamka leo asubuhi tumo ndani ya mwaka wa kuombewa. Waliotoka nyumbani Jumamosi ile ya Sachangwan hawakuwa wabaya kuliko sisi. Sisi tumeachiwa msimu mwingine, na tutaulizwa habari ya matunda, hatutaulizwa tulikuwa na shughuli ngapi.

Sasa utasema, mjomba, yote ninayofanya ni mema: kazi ni halali, masomo ni mema, kwaya ni ya Bwana. Ni kweli, na ndiyo maana nakuandikia. Kuchagua kati ya jema na baya ulifundishwa ukiwa Sunday School pale Elburgon. Kilichobaki ni kuchagua kati ya jema na jema, na hapo ndipo watu wazima wengi wanapochoka na kuanguka.

Soma tena Marko mlango wa kwanza. Yesu yuko Kapernaumu, jioni mji mzima umekusanyika mlangoni, anaponya wagonjwa wengi. Kesho yake, alfajiri na giza bado, anatoka kwenda mahali pasipo watu kuomba. Simoni na wenzake wanamfuata, wanampata, wanamwambia kwamba watu wote wanamtafuta. Fikiria foleni iliyokuwa ikimngoja. Kulikuwa na watu waliosikia habari usiku wakabeba wagonjwa wao mpaka pale. Naye anasema waende vijiji vingine, kwa maana alitokea kwa ajili ya hilo. Aliacha wagonjwa Kapernaumu! Hakuwaacha kwa kukosa huruma, kwa sababu katika mlango wa 5, akiwa njiani kwenda kumwokoa binti wa Yairo aliye mahututi, anasimama kabisa kwa ajili ya mwanamke mmoja aliyegusa vazi lake. Anamsikiliza mpaka amalize kueleza yote, na Yairo amesimama hapo anatetemeka. Yule yule anayeweza kuuacha mji mzima anaweza kumsimamia mtu mmoja. Miaka 30 aliishi kimya kimya, sehemu kubwa Nazareti akifanya kazi ya mikono, na huduma yake ya hadharani ilichukua kama miaka mitatu. Lakini usiku wa mwisho alimwambia Baba kwamba ameimaliza kazi aliyopewa. Galilaya bado ilikuwa na vipofu na wenye ukoma usiku huo. Alimaliza aliyopewa, na hakupewa yote.

Mimi hupata nguvu nyingi hapo. Kama Mwana wa Mungu alikubali kuacha kazi njema ambazo hazikuwa zake, wewe ni nani ukatae?

Siku moja ukipata nafasi, mpeleke mkeo mkatembee kwenye kasri la Lord Egerton pale Ngata, si mbali na unapoishi. Wanaotembeza wageni watawasimulia habari ya mwanamke aliyemkataa, na watu hupenda sana hadithi hiyo, ila wewe tazama miaka. Maurice Egerton alianza kujenga mwaka 1938. Vita Kuu ya Pili vikaja vikachelewesha kazi, naye akaendelea mpaka 1954. Miaka 16 ya kujenga nyumba ya mawe yenye vyumba zaidi ya 50, na ukumbi wa dansi ndani yake. Mke hakuwa naye, wala mtoto. Alikufa mwaka 1958. Kwa hiyo baada ya miaka 16 ya kujenga alipata kama minne ya kukaa. Nikisimama mle ndani nafikiria yule tajiri wa Luka 12 aliyepanga kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi, na usiku ule ule roho yake ikatakwa.

Lakini sitaki umdharau mtu huyo, maana kuna upande wa pili. Mwaka 1939, kasri likiwa bado msingi na majukwaa ya mafundi, alitoa ardhi Njoro ili ianzishwe shule ya kufundisha vijana kilimo. Wakati huo ilikuwa ya vijana wa Kizungu peke yao, na hilo lazima tuliseme. Baadaye milango ikafunguliwa, ikawa chuo, na mwaka 1987 ikawa Chuo Kikuu cha Egerton, ambacho wewe unasoma katika kampasi yake kila Jumamosi. Kasri lilimla miaka, na sasa watu hulipa kiingilio kulitazama. Ardhi aliyoitoa inaendelea kuzaa watu. Mtu mmoja, miaka ile ile, na sidhani alijua wakati ule kipi kati ya viwili hivyo kingedumu. Wewe unaweza kujua zaidi kidogo, kwa sababu umeyasoma Maandiko. Muda unaowapa watu haupotei jinsi unavyopotea ule unaojipamba nao.

Simu nitaitaja kwa kifupi kwa sababu najua umeshaambiwa na wengi. Mama yako amenieleza kuhusu mikeka ya kubeti. Pesa unazopoteza ni mbaya, ila mimi naona hasara kubwa iko kwingine: Jumamosi ukirudi kutoka darasani moyo wako uko kwenye uwanja wa Uingereza, mtoto anakuvuta suruali, na wewe unangoja goli la watu wasiokujua. Acha hiyo. Hii haihitaji kuombewa mwezi mzima wala kupimwa na jema jingine. Futa programu hizo kwenye simu usiku wa leo, kabla hujalala, mkeo akiona.

Lile la kupumzika nataka tukae nalo kidogo. Uliniambia kwamba hulali zaidi ya saa nne, na ulilisema kama mtu anayejisifu. Katika Kumbukumbu la Torati mlango wa 5, Musa anaporudia amri ya Sabato, sababu anayowapa watu ni kwamba walikuwa watumwa Misri na Bwana akawatoa. Mtumwa ndiye asiye na siku ya kupumzika. Farao hakuwapa siku hata moja. Walipolia wapewe nafasi ya kumwabudu Mungu jangwani, aliwaongezea kazi, wakatakiwa wajitafutie majani ya kufyatulia matofali na hesabu isipungue. Kwa hiyo mtu aliyekombolewa akikataa kupumzika anarudi kwa hiari kwenye tanuri la matofali. Ukilala saa saba, unakiri kwamba dunia inashikiliwa na Mungu, haishikiliwi na duka lako. Na mana ile ya jangwani iliyowekwa hadi asubuhi kinyume cha agizo, iliota mabuu na kunuka. Kuna pesa za saa nane za usiku ambazo zina harufu hiyo. Zinaisha hospitalini.

Wala usifikiri nakuambia upunguze mwendo katika kila jambo. Kuna kazi zisizosubiri. Wakati pareto ilikuwa ndiyo pesa ya Molo, tulivuna kila baada ya wiki mbili hivi, tukichuma maua yaliyofunguka vizuri tu, kichwa kikipita katikati ya vidole na kukatika bila kikonyo. Ukichuma mapema dawa haijajaa, ukichelewa imeshapungua, na maua yaliyochumwa yakilala yamerundikana bila kuanikwa yanaoza. Hakuna anayeliambia shamba la pareto lingoje. Mtoto wako naye hangoji. Ana miaka miwili sasa, hii ndiyo miaka anayojifunza kama sauti ya baba ni ya kukimbilia au ya kuogopa, na hakuna muhula wa kurudia.

Na kuna kazi zisizotaka kuharakishwa. Pale kituo cha utafiti cha Njoro hupandwa ngano kutoka nchi nyingi za dunia, zipimwe kama zinahimili kutu ya shina, hasa ile iliyogunduliwa Uganda mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaitwa Ug99. Nimewatazama watafiti wakifanya kazi. Mtu anainamia suke moja, anatoa viungo vya kiume vya kila ua kwa kibanio kidogo, kimoja kimoja, halafu analifunika suke kwa mfuko wa karatasi ili chavua ya nje isiingie. Kutoka suke lile hadi mbegu mpya ifike kwa mkulima huweza kupita miaka 10 au zaidi, na mbegu nyingi hutupwa njiani. Norman Borlaug, Mmarekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 1970 kwa kazi ya ngano, alikuwa amepita umri wa miaka 90 na bado alikuwa akiihimiza dunia ipambane na kutu hiyo. Ngano itakayotokana na suke la leo, baadhi ya watafiti hao hawataila. Ndoa yako iko katika kundi hili. Masomo yako pia, ndiyo maana sikuambii uyaache hata kama ada inakubana. Kusoma Neno na kuomba ni hivyo hivyo: dakika 20 za kila alfajiri kwa miaka 20 zitakufanya mtu mwingine, na hakuna kesha la usiku mmoja linaloweza kufidia.

Hapo naomba uniruhusu niseme jambo kuhusu kanisa, na nalisema kama mzee wa kanisa. Si kila kinachofanyika chini ya paa la kanisa ni muda aliopewa Mungu. Kwaya Jumatano, kamati Ijumaa, mazoezi Jumamosi jioni, harambee, mkutano wa kupanga harambee. Martha alikuwa akimhudumia Bwana mwenyewe, nyumbani kwake, na bado Bwana alimwambia anasumbuka kwa mengi. Mwambie mwenyekiti wa vijana kwamba mwaka huu utaimba lakini hutakaa kwenye kamati. Atakasirika kwa wiki mbili, kisha atampata mwingine ambaye amekuwa akingoja kuitwa.

Halafu mazishi. Sisi watu wa Bonde la Ufa tunazikana vizuri sana. Mtu akifa, kabla ya saa sita za usiku kuna grupu la WhatsApp, kuna mweka hazina, kuna magari, na kila jioni watu wanakutana kupanga. Yule jirani yetu wa Elburgon aliyefariki mwaka jana alilala hospitalini Nakuru muda mrefu, matatu moja tu kutoka kwa watu wengi waliokuja kumzika, na kitanda chake kilikuwa na kiti kimoja kitupu kando yake saa za kuona wagonjwa. Nilikaa kwenye kiti kile mara kadhaa. Hakutaka pesa. Alitaka mtu amweleze kama mahindi yamebeba. Baadaye michango yake ya mazishi ilipita lengo. Mpwa wangu, peleka saa zako kwa watu wakiwa na masikio. Yesu alipofika Bethania Lazaro akiwa amekufa siku nne, alimwita kaburini naye akatoka. Sisi hatuna uwezo huo, kwa hiyo tufike mapema.

Basi fanya hivi. Chukua kalamu na karatasi, keti na mkeo, mwandike kila kinachokula wiki yenu, kisha mfute viwili. Kubeti usihesabu kati ya hivyo, hicho kimeshaenda. Mimi naona kazi ya mtandaoni ya usiku na kamati ya vijana, lakini mkeo anaijua nyumba yenu kuliko mimi, na neno lake lisikike kabla ya langu. Kama pesa zitapungua mpaka mshindwe kodi, niambie mapema. Viazi vikitoka tutasaidiana.

La mwisho ni la haraka. Alhamisi hii mama yako ana kliniki ya presha hapo mjini. Atapanda matatu ya saa kumi na mbili asubuhi kutoka Elburgon, hivyo omba ruhusa ofisini mpaka adhuhuri, umpokee stendi, na uingie naye kwa daktari. Usimwachie nauli ya bodaboda aende peke yake. Jicho lake la kushoto limeanza kuona ukungu na amenikataza nisikuambie kwa sababu anasema una kazi nyingi. Daktari asipolitaja, litaje wewe.

Wasalimie wote nyumbani, na umbusu mtoto kwa niaba yangu.

Ni mimi mjomba wako